Masikio juu ya paa la gari

Najua nimepotea kwa muda, kazi za chumba cha habari zimenibana mpaka pumzi. Leo siandiki siasa. Nawaletea historia ya kitu ambacho wengi wetu tunapishana nacho barabarani kila siku bila kukitazama mara mbili: vile vidude viwili vyeusi vilivyobandikwa juu ya paa la gari la watafiti, la polisi au la shirika la misaada. Kimoja kimelala kama kifuniko cha kopo, kingine kimesimama kama kijiti. Waya zake zinapita kwenye mpira wa mlango, zinaingia ndani na kuishia kwenye kompyuta mpakato nene kama tofali.

Nilianza kuvifuatilia kwa sababu viliniaibisha mbele za watu. Nilikuwa wilayani Kondoa na wenzangu, tunafuatilia habari ya visima vilivyochimbwa na kuachwa bila pampu. Tulitaka kuweka kila kisima kwenye ramani. Nilikuwa na kompyuta ngumu ya mtumba, aina ile inayovumilia vumbi na kudondoka, na kipokezi cha GPS cha kuchomeka nyuma. Nikachomeka, nikawasha. Mara kishale kwenye skrini kikaanza kuruka chenyewe. Mafaili yanafunguka, menyu zinafunguka, kidirisha kimoja kinajifunga na kingine kinatokea. Sijagusa kitu. Mzee aliyekuwa akituendesha alichungulia kwenye bega langu, akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo kompyuta ina wenyewe. Irudishe ulikoitoa."

Haikuwa mashetani wala virusi. Sababu yake niliijua baadaye, na nitaieleza, kwa sababu ndani yake mna nusu ya historia hii. Hata baada ya kishale kutulia, kipokezi hakikuona setilaiti hata moja. Tulikaa robo saa. Mzee akacheka, akanionyesha antena ndefu ya simu ya upepo iliyofungwa mbele ya gari. "Na hii unadhani waliiweka urembo?" Nikatoa kipokezi dirishani, nikakiweka juu ya paa. Haikuchukua hata dakika mbili, tukajua tulipo.

Basi tuanze mwanzo.

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Ilikuwa ikilia bip-bip kwenye masafa ya megahezi 20. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Maryland, Marekani, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, walikaa na kipokezi cha redio na kipande cha waya kikiwa ndiyo antena, wakaisikiliza. Wakagundua kwamba sauti inapanda kidogo setilaiti inapokuja na kushuka inapokwenda, kama honi ya basi linalokupita kasi barabarani. Kwa kupima mabadiliko hayo wakaweza kukokotoa njia ya Sputnik angani.

Mwaka uliofuata bosi wao, Frank McClure, aliuliza swali kwa kinyume: kama mtu anayejua alipo anaweza kuijua njia ya setilaiti, je, mtu anayeijua njia ya setilaiti hawezi kujua alipo yeye? Swali hilo ndilo lililozaa Transit, mfumo wa kwanza wa kuongoza meli kwa setilaiti, ambao jeshi la wanamaji la Marekani lilianza kuutumia mwaka 1964. Mwaka 1973 Pentagon ikaidhinisha mfumo mkubwa zaidi, GPS, chini ya kanali mmoja wa jeshi la anga, Bradford Parkinson. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978.

Hapa kuna jambo la kulishika. Setilaiti za GPS ziko juu yetu umbali wa kilomita zipatazo 20,200, na nguvu ya utangazaji wake si kubwa kuliko balbu chache za nyumbani. Mawimbi yakifika ardhini yamechoka kabisa, ni hafifu kuliko kelele ya umeme iliyomo ndani ya kipokezi chenyewe. Kipokezi kinayatambua tu kwa sababu kinaijua mapema ruwaza ya kila setilaiti, kama mama anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya soko. Na kinahitaji setilaiti nne kwa pamoja: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa ajili ya kurekebisha saa yake. Kila setilaiti hutumia sekunde 30 kutangaza maelezo ya njia yake, na ukipita chini ya mti au daraja katikati ya tangazo, unaanza kusubiri upya. Ndiyo maana paa la bati la gari linatosha kukuziba masikio.

Mwaka 1983 ulikuwa na mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni msiba. Tarehe 1 Septemba, ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga ya Wasovieti, ikatunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu 269 walikufa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataitumia bure.

La pili halikutangazwa na rais yeyote. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki vya baharini nchini Marekani kilichapisha kanuni iitwayo NMEA 0183. Kabla yake, kipima kina cha kampuni moja hakikuelewana na usukani wa kampuni nyingine. Kanuni ilisema: vifaa vyote vya boti vizungumze kwa maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, kwa kasi ya herufi zisizozidi 480 kwa sekunde, kupitia waya wa kawaida. Kila mstari uanze na alama ya dola. GPS ilipofika madukani ikaikuta lugha hiyo iko tayari, ikaichukua. Mpaka leo vipokezi vingi, hata vilivyomo kwenye magari yasiyoijua bahari, vinazungumza lugha ya mabaharia.

Sasa mnaweza kuelewa kisa changu cha Kondoa. Kompyuta inapowaka hupita kila tundu ikiuliza nani yupo. Zamani kipanya nacho kilichomekwa kwenye tundu lile lile. Kompyuta inapouliza, kipokezi cha GPS kinakuwa kimeshaanza kumwaga maneno yake bila kusubiri zamu. Kompyuta inadhani ni kipanya, basi kila herufi ya latitudo inageuka kuwa msogeo, kila koma inakuwa kubofya. Mahali pangu duniani palikuwa panasomwa kama mkono wa mlevi. Dawa ni ndogo: chomeka kipokezi baada ya kompyuta kuwaka, au nenda kwenye orodha ya vifaa ukakizime kile kipanya cha uongo. Ukikifuta tu, kesho kitarudi.

Turudi kwenye historia. Ahadi ya Reagan ilikuwa na mkia. Kuanzia mwaka 1990 jeshi la Marekani lilitia makosa ya makusudi kwenye mawimbi ya raia, ili asiye mwanajeshi wao akosee kwa mita 100 hivi. Kejeli ikaja mwaka huo huo, Iraki ilipoivamia Kuwait. Jeshi la Marekani halikuwa na vipokezi vya kijeshi vya kutosha kwa ajili ya jangwa lisilo na alama, likanunua kwa maelfu vile vya raia, kutoka kampuni kama Trimble na Magellan. Ikabidi wazime makosa waliyoyatia wenyewe, maana sasa yangewapoteza askari wao. Vita vilipokwisha wakayarudisha. Yaliondolewa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake kifaa kile kile, bila kubadilishwa hata skrubu, kilikuwa sahihi mara kumi zaidi.

Hebu fikirini kidogo hapo. Mvuvi, rubani, mpima ardhi wa Morogoro, wote walilala na vifaa vibovu wakaamka na vizuri, kwa sababu mtu mmoja Washington aligeuza swichi. Kilichotolewa kwa swichi kinaweza kurudishwa kwa swichi. Warusi walikuwa tayari na GLONASS yao, Ulaya ikajenga Galileo, iliyoanza huduma Desemba 2016, na China ikakamilisha BeiDou mwaka 2020. Vipokezi vya siku hizi vinasikiliza zote nne.

Upande wa pili wa waya kuna kompyuta yenyewe. Mwaka 1982 kampuni ya GRiD ilitoa Compass, iliyobuniwa na Mwingereza Bill Moggridge: kompyuta ya kukunja yenye gamba la magnesi, bei yake zaidi ya dola 8,000. Wanajeshi waliinunua, na NASA waliipeleka angani. Mwaka 1996 Panasonic wakaanza kuuza Toughbook, nayo ya magnesi, na kwa miaka mingi zilitengenezwa Kobe, Japani. Hizo ndizo zilizoingia kwenye magari ya polisi, ya mafundi wa umeme na ya wagonjwa huko Marekani na Ulaya, zikifungwa kwenye kishikizo katikati ya viti viwili vya mbele.

Tatizo ni kwamba gamba la chuma linalozuia pigo linazuia na mawimbi. Ugumu ukawa uziwi. Hata Apple walilipata somo hilo. Mwaka 1999 walitoa iBook ya plastiki yenye antena za mtandao usio na waya ndani ya kifuniko, ikasikia vizuri. Mwaka 2001 wakatoa PowerBook ya titani, nzuri kuliko zote machoni, na wenyewe walioinunua wakalalamika kwamba mtandao unakatika hatua chache tu kutoka kwenye ruta, wakati iBook ya bei nafuu inapeta.

Watengenezaji wa kompyuta ngumu walijibu kwa njia mbili. Kwanza, wakatoboa vidirisha vya plastiki kwenye gamba na kuficha antena nyuma yake. Pili, na hili ndilo la gari, wakaweka tundu la antena chini ya kompyuta. Ukiipachika kwenye kishikizo chake, tundu hilo linakutana na mwenzake, kompyuta inaacha kutumia sikio la ndani na kuhamia kwenye antena ya paani. Ukiichomoa ukashuka nayo, inarudi kwenye sikio lake la ndani. Dereva hahitaji kufunga wala kufungua kitu.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwa vitendo, waya wa antena ni mlafi. Ule mwembamba unaokuja na antena nyingi za GPS hula nusu ya mawimbi au zaidi katika kila mita tatu. Kwa hiyo antena ya GPS ya nje huwa na kikuza mawimbi kidogo ndani yake, kinachopata umeme kupitia waya ule ule. Ndiyo maana si kila antena inafaa kwa kila tundu: kama kompyuta haipeleki umeme huo, umebandika sumaku tu juu ya paa. Na kwa mtandao usio na waya hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa masafa yake ya megahezi 2,400 huliwa haraka. Mafundi wazoefu hupendelea waya mnene na mfupi. Kununua antena kubwa kisha ukaiunganisha kwa waya mwembamba wa mita kumi ni sawa na kununua tangi kubwa la maji ukaliunganisha kwa mrija wa soda.

Kisha kuna plagi. Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu watu kutumia bila leseni masafa ambayo hadi hapo yaliachiwa vitu kama majiko ya maikrowevu. Humo ndimo ilimozaliwa Wi-Fi, ambayo kanuni yake ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Lakini FCC waliogopa raia kufunga antena kubwa na kuwaingilia wengine. Kanuni zao za mwaka 1989 zikataka kifaa cha namna hiyo kiwe na antena isiyotoka, au plagi ya pekee isiyopatikana dukani. Viwanda vikachukua plagi za kawaida za TNC na SMA, vikageuza kitovu: penye sindano wakaweka tundu, penye tundu sindano. Nyuzi za nje hazikuguswa.

Matokeo? Kwanza, baada ya miaka michache plagi hizo zilizogeuzwa zikajaa kila duka. Pili, mamilioni ya watu duniani wamewahi kufunga antena ikakaza vizuri kabisa, kumbe ndani sindano haijagusa chochote, au sindano mbili zimegongana na kuvunjana. Mimi ni mmoja wao. Kanuni iliyoandikwa Washington imenila fedha Kariakoo.

Sasa tufike kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Karibu mwaka 2000, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Berkeley, California, Peter Shipley, aliweka ndani ya gari kompyuta mpakato yenye antena mbili, moja ya GPS na moja ya Wi-Fi. Akazunguka mitaani huku programu ikiandika kila mtandao inaousikia na mahali ulipo. Mwaka 2001 alieleza matokeo yake kwenye mkutano wa DEF CON, Las Vegas: mitandao mingi mno haikuwa na ulinzi wowote. Mwaka huo huo Rob Flickenger akaonyesha jinsi ya kutengeneza antena kali kwa kopo la viazi la Pringles. Vijana wa kila mji wakaiga. Ulikuwa mchezo, na ulikuwa pia onyo.

Wenye biashara waliona kingine. Kama unajua mahali pa kila ruta, basi ruta ni mnara wa taa: simu ikisikia ruta tatu inajua iko wapi, hata ndani ya jengo ambamo GPS haifiki. Kampuni ya Skyhook ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 2003, ikatuma madereva mitaani. Januari 2008 iPhone, ambayo wakati huo haikuwa na GPS, ikaanza kuonyesha mahali kwa kutumia orodha hiyo.

Kisha zikaja gari za Street View za Google. Mei 2010, baada ya mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Hamburg, Ujerumani, kuhoji, Google walikiri kwamba gari zao hazikuandika majina ya mitandao peke yake. Katika nchi zaidi ya 30 zilikuwa zimenasa pia vipande vya mawasiliano yenyewe, yaliyokuwa yakipita kwenye mitandao isiyofungwa. Ndani yake mlikutwa barua pepe na maneno ya siri. Mwaka 2012 FCC waliwatoza faini ya dola 25,000 kwa kukwamisha uchunguzi, na mwaka 2013 wakakubali kulipa dola milioni 7 kwa majimbo 38 na jiji la Washington.

Tazameni vifaa: antena mbili juu ya paa, waya, kompyuta. Ni vile vile vya Shipley, ni vile vile vyangu vya Kondoa. Tofauti ni moja tu, nani anasikiliza, na wanaosikilizwa wameambiwa nini.

Kwa nini liwahusu vijana wa Dar, Nairobi au Kampala? Kwa sababu upande wa pili upo pia, na uko kwetu. Hadi mwaka 2009 Kibera, pamoja na wingi wote ule wa watu, ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za wazi za intaneti. Novemba mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walichukua vipokezi vya GPS, wakatembea kwa miguu kichochoro kwa kichochoro, wakaandika vyoo, mabomba, zahanati na shule, wakaviweka kwenye OpenStreetMap. Ni mradi wa Map Kibera. Dar es Salaam nayo, mwaka 2015, Ramani Huria ikawapeleka wanafunzi na wakazi kupima mitaa inayofurika. Waliopimwa ndio waliopima. Ramani ilikuwa yao kabla haijawa ya mtu mwingine.

Mimi nilirudi Kondoa. Safari hii antena zilikuwa paani, plagi sahihi, kipokezi nimekichomeka baada ya kompyuta kuwaka. Kwenye kisima cha kwanza mama mmoja mwenye ndoo aliuliza tunaandika nini. Nikageuza skrini, nikamwonyesha nukta: hiki ndicho kisima chako. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na hao watakaoiona, ndio wenye pampu?" Sikuwa na jibu la haraka. Lakini naona ndilo swali ambalo kila mwenye antena juu ya paa anapaswa kuulizwa kabla hajaondoa gari.

Neno la mwisho kwa mwenye ruta nyumbani. Ukiongeza _nomap mwishoni mwa jina la mtandao wako, Google wanasema hawatautumia kwenye orodha yao ya mahali. Wameruhusu hivyo tangu Novemba 2011. Ni herufi chache tu, na angalau hapo swichi iko mkononi mwako.

Haya, wapendwa, alamsiki. Tukijaliwa tutaonana tena hapa hapa.